Wamisri hawakuabudu kifo, walipenda kuishi
Hapo kwenye makala mnaposema eti Wamisri wa kale waliabudu kifo, maisha yao yote ni makaburi tu, mi nakataa kabisa, wale watu walipenda kuishi mpaka wakataka waendelee na hayohayo huko waendako. Angalia kaburi la Kha, msimamizi wa mafundi wa Deir el-Medina, kijiji cha waliochonga makaburi ya mafarao, lilikutwa 1906 wezi hawajaligusa, vitu vyake viko makumbusho ya Turin Italia, kuna mikate, vitanda, nguo, vipodozi vya mkewe Merit, mpaka kifimbo chake cha kupimia, yaani mtu kahama na nyumba nzima, na huyo wala si farao. Halafu wakiandaa maiti isioze, ubongo waliutoa kwa puani ila moyo waliuacha palepale kifuani, kwasababu ndo unaopimwa kwenye mizani na unyoya wa Maat, mungu wa kweli na haki, mbele ya Osiris, mungu wa wafu, ukizidi uzito unaliwa na Ammit, lile dude lenye kichwa cha mamba, na we ndo basi tena. Hapo dhahabu haikusaidii kitu, na hilo ndo makala imeliruka. Jamani waliosoma zaidi, wale maskini waliozikwa mchangani bila jeneza wala maandishi, nao walitegemea kufika kwa Osiris?