Siyo Gongo, Ni Mtindi

Kwanza kabisa, sijampikia baba mkwe gongo. Naanza na hilo kwa sababu shoga yangu mmoja (anajijua, na najua anasoma hapa) ameshatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kikoba, na leo asubuhi sokoni muuza nyanya kaniuliza mzigo wangu nauzaje kwa chupa. Muuza nyanya! Basi acheni niseme mwenyewe, maana huyo shoga ukweni hakuwepo, aliyelowa ni mimi.

Joto la Tabora la siku hizi mnalijua. Mvua ilichungulia, ikatudanganya tukakimbilia kupanda, ikaondoka zake. Katika kuhema huko ndiyo nikaona video ya mama mmoja wa Kizungu jikoni kwake, anasaga bluberi na yale maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa, anatia asali na barafu, anakunywa huku kafumba macho. Nikasema hiki hakinishindi. Maziwa yenyewe si ndiyo yale bibi zetu waliyoyapata kwa kusukasuka kibuyu? Siagi inakwenda kwenye samli, yale mepesi yenye uchachu wanapewa watoto. Bluberi Tabora utaitoa wapi, ila zambarau zimejaa mtaani, kila mtoto anayepita ulimi mweusi. Na asali, jamani, hii si Tabora?

Zambarau nikaziminya kwa mkono, kokwa nje, maganda ndani, kucha zikabaki na rangi mpaka leo. Chumvi kidogo kuua ukakasi. Asali mbichi kutoka kwenye dumu la mjomba. Mtindi mwepesi, koroga. Nyie, ilikuwa tamu! Hilo hata shoga hawezi kulikana, mwiko aliulamba yeye. Nikajaza chupa za soda za lita 2 mpaka shingoni, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikatia kwenye friji. Jioni ileile umeme ukakatika, ukarudi mchana wa kesho yake. Friji ikawa kabati. Ijumaa nikapanda bajaji na chupa zangu, Isevya mpaka Ng'ambo kwa wakwe, mashimo yote ya njiani tukayasalimia.

Hapa sasa twende polepole.

Sebule ya mama mkwe: kila kochi lina kitambaa cheupe cha kufuma. Baba mkwe katoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, kakaa chini ya feni. Nikapiga magoti, shikamoo baba, marahaba mwanangu, umetuletea nini leo? Nikasema juisi ya kisasa, baba. Hilo "kisasa" nililitamka kwa madaha, Mungu anaona. Naitoa chupa kwenye kikapu, haisimami. Kitako kimetuna, inaanguka upande. Nikaibana kwa magoti. Shemeji yangu, mwalimu wa biolojia, akasema, "Shemeji, mbona hiyo chupa imevimba?" Nikamjibu ni joto tu. Nikazungusha kifuniko kidogo. Tsss. Mtu mwenye akili zake hapo anarudisha. Mimi nimezungukwa na ukoo mzima unanitazama, nirudishe vipi? Nikazungusha tena.

Kifuniko hakikufunguka, kilikimbia. Nilikisikia kikigonga dari. Nyuma yake likapanda povu zito la zambarau, refu, halina haraka, likaenda moja kwa moja kwenye feni. Na feni ilikuwa namba tano. Haikubagua. Ukuta wa huku, ukuta wa kule, kalenda, picha ya harusi yetu, mimi nikiwa na shela. Mkononi chupa bado inatapika, nami kwa akili zangu nikaiziba kwa kiganja, ikawa kama bomba la kumwagilia bustani, na aliyekaa mbele ya bomba ni baba mkwe. Nikaliona tone la kwanza likitua begani, likatulia, likaanza kushuka. Kisha kofia. Kisha ndevu. Mzee hakusogea. Ganda la zambarau lilimning'inia kwenye nyusi, akavuta pumzi, akasema taratibu, "Innalillahi." Halafu akalamba mdomo. "Mbona tamu," akasema.

Nilikuwa nimeshaokoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimeokoka kabisa! Shemeji akaona hapo ndipo pa kufundishia. Akaeleza, huku anajifuta miwani, kwamba maganda ya zambarau na asali mbichi vina hamira yake ya asili, ikikutana na sukari na joto inatoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea inajikusanya. Tukaitikia kwa vichwa. Angeishia hapo. "Na pamoja na gesi," akasema, "huwa inatengeneza alkoholi kidogo."

Baba mkwe akaacha kulamba.

Yaliyofuata mafupi: mzee akasukutua, akaoga, akatawadha upya, kanisamehe mbele ya mashahidi. Kanzu ilipigwa ndimu, chumvi na jua, bado ina ramani ya Afrika mgongoni, na sijui ilifikaje mgongoni. Vitambaa mama mkwe anataka kuvitia rangi vyote vifanane. Mume wangu alicheka mpaka akaenda kukaa nje.

Na nyinyi mnaoniomba mapishi inboksi, bila haya: chupa isijae, kifuniko kilegee, mnywe siku hiyohiyo. Na ndiyo, kuna chupa ya pili. Ilibaki kwenye kikapu. Wifi aliibeba kwa koleo la makaa mpaka chini ya mwembe uani, na ipo hapo, inazidi kunona. Watoto wamekatazwa upande ule. Shemeji kajitolea kuifungua kwa fimbo ndefu Jumapili, anasema itakuwa funzo zuri kwa wanafunzi wake. Mimi Jumapili nina safari.