Kuchakachua si kila wizi

Fundi anafungua nozeli, anainusa, kisha anampa mwenye daladala naye anuse. "Mafuta yamechakachuliwa haya, bosi." Mwenye gari hakupunjwa hata lita moja: tangi lilijaa, pampu ilisoma sawasawa, risiti anayo mfukoni. Ila alichouziwa sicho alichonunua.

Neno hili lilishika kasi Tanzania enzi dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ambayo ushuru wake ulikuwa mdogo mno. Mwaka 2011 Serikali ikaupandisha kutoka shilingi 52 kwa lita hadi 400 na ushei, ili mchanganyiko usilipe tena. (Mwenye kibatari kijijini akalipia dhambi ya mwenye lori.) Kufikia hapo neno lilishatoka kituo cha mafuta. Kwenye Uchaguzi Mkuu wa 2010 watu walikuwa wakilalamika kwamba kura nazo zimechakachuliwa.

Wasiolipenda wana hoja. Linachekesha. Aliyeiba kura ukimwita mchakachuaji, umemfanya mjanja wa mtaani, na yeye mwenyewe atacheka. Tena limetufanya wavivu. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walipobainika kuwa na vyeti vya kughushi, mtaani tukasema wamechakachua vyeti. Wamechanganya nini na nini? Kughushi ndilo neno lake, na mahakamani linajulikana.

Lakini anayedai kwamba kughushi lingetosha kote anasahau lilikotoka. Kwa asili yake ya Kiarabu, ghushi ni neno la sokoni. Wengi tumeisikia ile hadithi ya muuza nafaka: Mtume akatia mkono ndani ya lundo, juu pakavu, chini pamelowa. Samli iliyotiwa mafuta mengine nayo ni ya ghushi. Baadaye neno likahamia ofisini, likazoeana na saini na mihuri, na muuza maziwa anayeongeza maji akabaki hana jina. Kuchakachua likampa.

Kwa hiyo mimi nalitaka libaki kwenye tangi, kwenye ndoo ya maziwa na kwenye chupa ya asali. Kwenye kura nitalikubali pale kura bandia zilipotiwa katikati ya halali, maana huko kweli ni kuchanganya. Sanduku likibebwa zimazima likapotelea njiani, andikeni wizi.