Siku ya kupanda tulikuwa mia, siku ya kupalilia tulibaki sita

Jumamosi iliyopita tulikuwa sita. Wa saba alikuwa binti mdogo ambaye mama yake hakupata wa kumwachia, naye alikaa kivulini akihesabu konokono. Miezi mitano kabla ya hapo, kwenye ukingo uleule wa ziwa, tulizidi mia: fulana za rangi moja, kipaza sauti, na mgeni rasmi aliyeshika koleo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Miche mia nne iliingia ardhini kabla ya saa sita mchana. Picha zikapigwa, watu wakatawanyika na furaha yao.

Sina ugomvi na wale mia. Wengine ni rafiki zangu, na mimi mwenyewe nimo kwenye zile picha, nimesimama nyuma nimefumba macho. Lakini bustani yetu ya ziwani haitapona kwa ile siku. Kama itapona, itakuwa kwa sababu ya Jumamosi zisizo na kipaza sauti, na nadhani tunakosea sana tunapoipa sifa siku ya kupanda na kuzisahau zile mia zinazofuata.

Kurudisha uoto wa asili, kwa sehemu kubwa, si kupanda. Ni kung'oa. Chukua lantana, kile kichaka cha maua, maana ndiyo tunayopigana nayo kuliko mimea mingine yote. Shina lake lina pembe nne na vimiba vidogo vinavyopenya glavu za pamba. Ukisugua jani linatoa harufu kali inayokaa vidoleni hadi usiku. Ukilifyeka kwa panga unajiona umefanya kazi ya maana, kumbe kisiki kinachipua upya, tena kwa matawi mengi kuliko yale uliyokata. Inabidi upige magoti, uchimbe hadi pale shina linapogeuka mzizi, ung'oe fundo zima, ukung'ute udongo, kisha ulitundike mahali lisiguse ardhi. Fundo moja lilinila dakika ishirini. Nilipolitoa, nikaona chini yake miche midogo ya lantana imejipanga, kila mmoja na majani mawili tu, imeota kutokana na vile vitunda vyeusi ambavyo ndege hula na kuangusha mbegu popote. Kung'oa mmoja ni sekunde moja. Kuuacha ni dakika ishirini za mwakani.

Hapa niseme kidogo kuhusu neno "wageni". Watu wanapenda kuita mimea hii hivyo, na wengine wanalitamka kwa chuki ambayo hainifurahishi. Lantana asili yake ni Amerika ya kitropiki, haikuja yenyewe. Ilibebwa na watu waliopenda maua yake na waliotaka ua wa haraka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimkaribisha, tukamsifia sura, hatukumpa jembe, sasa jembe tunalo sisi. Si kila mmea uliotoka mbali ni balaa. Mingi hukaa ilipopandwa na haimsumbui mtu. Kinachotupeleka ukingoni kila wiki ni ule unaofunika wenzake hadi chini yake kusiote kitu.

Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa kuanzia palipo pabaya zaidi. Karibu na lango kulikuwa na kichaka kinene, kila mpita njia anakiona, tukasema hicho ndicho cha kuanza nacho. Jumamosi mbili tukakifyeka chote. Udongo ukabaki mtupu, mwekundu, msafi kama sakafu. Mvua zikaja. Baada ya miezi mitatu pale palikuwa kama kitalu: lantana changa zimesongamana, na katikati yake mmea mmoja au miwili ya asili inapumua kwa shida. Tulikuwa tumeziandalia mbegu zilizolala udongoni kitanda, jua na nafasi.

Baadaye mmoja wetu alitusimulia habari za akina Bradley, Joan na Eileen, dada wawili wa Sydney, Australia, ambao katika miaka ya 1960 waliyashughulikia mapori ya Mosman, kando ya bandari ya jiji hilo, kwa kung'oa magugu kidogo kidogo na kutazama kinachofuata. Waligundua kwamba kusafisha eneo kubwa kwa mkupuo hualika magugu mengine, pengine mabaya zaidi. Kanuni zao ni tatu na hazina maringo. Anzia palipo pazima, uelekee palipoharibika. Usivuruge udongo kuliko inavyolazimu, na ukishang'oa rudisha majani makavu yalipokuwa. Ya tatu ndiyo inayouma: mwendo wa kazi uamuliwe na mimea ya asili inavyojaza pengo, wala si kwa hamu yako wewe.

Ukiwa na watu mia wenye koleo, hiyo kanuni ya tatu huwezi kuifuata. Watu mia wanataka kuona tofauti kabla ya chakula cha mchana. Watu sita wanaweza kung'oa ukanda wa mita mbili pembeni ya mahali pazima, wakaondoka, wakarudi baada ya mwezi kuangalia nani ameingia. Tangu tulipohama kutoka langoni na kuanza upande wa mbali, ambako bado kuna ndago na matete ya zamani, ukanda wenye afya umeongezeka hatua kwa hatua. Hatukupanda kitu huko. Ndago wenyewe wametambaa.

Matete yana kesi yake pia, na siyo ya magugu, ni ya macho. Watu wanaokuja kupumzika wanataka kuyaona maji. Wakikuta ukuta wa matete wanasema bustani imeachwa pori. Wanachotamani ni nyasi fupi zinazoshuka moja kwa moja hadi kwenye maji, kama zulia. Naelewa, na mimi hupenda kukaa nikitazama ziwa. Lakini nyasi za zulia zina mizizi mifupi, na wimbi likigonga ukingo kila siku udongo unamegeka, unaingia ziwani, maji yanakuwa tope. Matete hupokea nguvu ya wimbi kabla halijafika. Mashina yake yaliyozama ni maficho ya samaki wachanga, na mizizi yake hunyonya sehemu ya mbolea inayoteremka na maji ya mvua. Tulichofanya sisi ni kuacha nafasi mbili za kutazamia, kila moja na benchi, na kuyaacha mengine yasimame. Wapo ambao hawajaturidhia hadi leo.

Na hili la kuridhiana si dogo. Huko Chicago, Marekani, watu wa kujitolea walianza mwaka 1977 kurudisha mbuga na misitu ya wazi katika maeneo ya hifadhi ya umma. Walifanya kazi karibu miaka ishirini, kwa ujuzi mkubwa. Mwaka 1996 majirani wakaja juu: mbona mnakata miti, mbona mnachoma moto? Kaunti ya Cook ikasimamisha kazi yote kwa muda. Mara nyingi walivyokuwa wakivikata ni vichaka vilivyoletwa kutoka Ulaya, vinavyotoa majani mapema na kuyaangusha kwa kuchelewa, hivyo kuvinyima jua vyote vilivyo chini yake. Kisayansi walikuwa na hoja nzito. Lakini jirani anayepita na mbwa wake haoni spishi vamizi. Anaona mtu na msumeno, na mti aliouzoea umelala chini. Ndiyo maana sasa hatuchukui msumeno bila mmoja wetu kusimama njiani, kazi yake ikiwa kuongea tu. Mwanzoni tulidhani hiyo ni nafasi ya mvivu. Siku moja nikapewa mimi, na nilirudi nyumbani sauti imekauka.

Ukingo wa ziwa una tabu nyingine ambayo pori la nchi kavu halina sana: kila kinachofanyika juu huishia kwako. Kando ya Ziwa Wingra, mjini Madison katika jimbo la Wisconsin, Marekani, chuo kikuu kilizindua hifadhi yake ya mimea mwaka 1934. Kuanzia 1935 vijana wa kikosi cha kazi cha serikali walipiga kambi hapo wakirudisha mbuga ya nyasi ndefu juu ya shamba lililochoka. Mbuga hiyo, ambayo leo huitwa Curtis Prairie, huhesabiwa kuwa kongwe kuliko zote duniani zilizorudishwa kwa mikono ya watu. Ungedhani baada ya takriban miaka 90 wangekuwa wamemaliza. Bado maji ya mvua ya mjini huingia humo na matope na virutubisho vyake, na kwa kushiba huko nyasi vamizi hutanda na kuziba nyingine. Ziwa Victoria nalo lilipovamiwa na gugumaji, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, gugu hilo likafunika ghuba nzima katika miaka ya 1990, waliachiliwa fukusi wa kulila. Gugu lilipungua sana. Kisha likarudi, limepungua, limerudi, kwa kuwa virutubisho kama nitrojeni na fosforasi havijaacha kumiminika ziwani.

Sisemi haya kuvunja moyo. Nasema ili mtu anayetoa fedha za miche asitegemee kwamba amenunua kitu kinachokamilika. Fomu zote nilizojaza kwa niaba ya kikundi huuliza miche mingapi imepandwa. Hakuna hata moja iliyoniuliza mingapi iko hai mwaka wa tatu. Na tunajua jibu la miche yetu ya kwanza, kwa sababu kile kipande kilifyekwa chote asubuhi moja na mashine ya watunza bustani. Vijana waliotumwa hawakuwa na kosa. Miche ya nyasi za asili ikiwa na umri wa mwaka mmoja inafanana na nyasi yoyote. Hakuna aliyewaambia. Aliyepaswa kuwaambia alikuwa amehamishwa, na aliyekuja baada yake hakukuta hata karatasi moja inayosema kuna kitu pale. Tukatumia Jumamosi mbili kupigilia vigingi vyenye ncha za rangi kuzunguka sehemu zetu. Vigingi hivyo vimefanya kazi kuliko mkutano wowote tuliowahi kukaa.

Kama ningepewa nafasi ya kuomba, nisingeomba miche. Ningeomba kibanda cha kufungia majembe, ili nisiyabebe kwenye basi huku abiria wakinitazama kwa wasiwasi. Ningeomba bomba la maji karibu. Ningeomba mtu mmoja anayelipwa, hata kwa siku mbili za wiki, ambaye anajua kipi ni kipi na hatahamishwa. Watu wa kujitolea tunaweza kutoa mikono, ila hatuwezi kuwa kumbukumbu ya mahali. Tunahama, tunaugua, tunapata watoto. Katika wale sita, wawili tu ndio waliokuwepo mwaka wa kwanza.

Jumamosi hiyo iliyopita, karibu na saa nne, alipita yule mzee anayekimbia polepole kila asubuhi kuzunguka ziwa. Yeye ndiye mpinzani wetu mkubwa wa habari ya matete. Akasimama, akatazama rundo letu la lantana, akauliza, "Hii yote mmeing'oa leo?" Nikamjibu, "Tangu saa moja, mzee. Karibu." Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akainama na kushika kichaka kidogo kilichokuwa mbele yake. Akavuta kwa nguvu. Shina likakatika usawa wa ardhi, mzizi wote ukabaki chini, naye akaliinua juu kutuonyesha, anacheka, mkono umekwaruzika.

Tukampongeza. Alipokwisha kukata kona nikachukua jembe, nikaenda kuutoa ule mzizi.