Umeme ukikatika, vidole bado viko hatarini

Kinachonikera katika biro yetu hapa Ibanda, Bukavu, ni jinsi tunavyoitesa mashine ya kuchanachana karatasi. Yenyewe haina kosa. Imeandikwa juu yake: karatasi 8. Mtu anakuja na 15, bado zina pini zake, anazisukuma kwa nguvu, meno yanakwama, naye anaondoka kimya kama hakuona kitu.

Hilo ningelivumilia. Lakini juzi umeme ulikatika karatasi ikiwa katikati ya meno, nikamkuta mwenzangu ameingiza vidole anaivuta. "Papa, toa mkono!" Akanijibu, "Si umeme hakuna?" Jamani! Hapa kwetu umeme unaondoka na kurudi bila hodi, na mashine hii ina jicho linaloiwasha yenyewe likiona karatasi. Chomoa waya ukutani kwanza, plagi uione kwa macho yako. Ndipo utoe vipande kwa koleo ndogo, tai na kitambulisho cha shingoni vikiwa mbali. Kilichobaki, chomeka tena, bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, mikono mbali. Ikiwa imepata moto, iache ipoe.

Na yule anayepuliza mafuta ya kopo la gesi kwenye meno, namwomba sana aache: ile gesi inaweza kushika moto kwa cheche moja tu ya mota. Mafuta yake ya kudondoshea yapo, chupa iko kabatini, rafu ya chini.