Traka ya nyota: chukua ile utakayoibeba kweli

Kila nikiposti picha ya Njia ya Maziwa ikiwa juu ya miamba, lazima mtu aulize natumia traka gani (kile kifaa cha kukalia kamera kinachofuata nyota), afu nikimjibu ni ile ndogo naona kabisa kavunjika moyo, maana keshaangalia video kumi na keshajua kuna nyingine inabeba kilo 5. Sa ngoja niseme ninavyoona mimi, na nyie wenye darubini msinikasirikie, siongei na nyie.

Kwanza kazi yake. Dunia inamaliza mzunguko wake mmoja kwa saa 23 dakika 56 na sekunde 4 hivi, ndo maana nyota tunaziona zinahama kama nyuzi 15 kila saa, na kamera ikitulia tu juu ya tripodi nyota zinatoka vimistari. Wengi tulianza na ile hesabu ya 500, unagawa 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde za kuacha kamera ikinasa mwanga, kwa lenzi ya 24 unapata sekunde 20 hivi, na kiukweli kwa kamera za siku hizi zenye megapikseli kibao hata hizo 20 ni nyingi, ukivuta picha karibu unakuta nyota zimekuwa punje za mchele. Traka inaizungusha kamera taratibu kwa mwendo uleule wa anga, basi, hakuna muujiza mwingine. Sa unaweza kwenda dakika 2 au 3, ISO (ule wepesi wa kamera kunasa mwanga) unaishusha kutoka 6400 mpaka 800, chenga zinapungua, na tundu la lenzi unalibana kidogo kutoka f/2 mpaka f/2.8 ili nyota za pembeni ziache kuota mabawa.

Ya kwanza kununua niliichagua kwa namba ya kilo, si ndo namba kubwa kuliko zote kwenye boksi. Kichwa chenyewe kama kilo moja tu, ila hakiji peke yake bwana, kuna ule mguu wa kuinamisha, kuna chuma cha kusawazisha na fimbo yake, afu tripodi yangu nyepesi ikawa inatetemeka nayo ikabidi nitafute nzito. Nilipanda nayo mlimani mara mbili. Mara ya tatu nikasema leo niiache, ya nne hivohivo, mwisho ikahamia kabatini na picha zangu zote za kipindi kile ni za sekunde 15 bila traka wakati traka ninayo! Na kilo 5 za nini? Kamera yangu na lenzi ya 20 haifiki hata kilo moja na nusu. Uwezo ule ni wa watu wa lenzi ndefu, milimita 200, 300, na vidarubini, na hata wao wazoefu hawaipakii mpaka mwisho.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni kwamba lenzi pana inasamehe. Traka lazima uilenge kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Ukikosea kidogo kuilenga kwa lenzi ya 20, dakika 2 zinapita na huoni kitu, ila kosa hilohilo kwa 135 linakuumbua ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo kama we ni mtu wa mandhari, zile traka kubwa kama Star Adventurer 2i ya Sky-Watcher na SkyGuider Pro ya iOptron ni nzuri sana, sibishi, ila unalipia na kubeba usahihi ambao lenzi yako haiuoni. Kwenye zile ndogo, Nomad ya Move Shoot Move iko chini ya nusu kilo. MiniTrack LX2 ya Omegon haina hata betri, unaijaza kwa mkono kama saa ya zamani na inakwenda saa nzima, na we ambaye umewahi kukaa kwenye baridi ukaangalia betri inakata unajua hiyo ni raha kiasi gani. Kama unajijua miezi sita mbele utataka kupiga galaksi ya Andromeda na lenzi ndefu, haya, chukua kubwa, ila jiulize vizuri kama ni we au ni zile video.

Kulenga sasa, hapo ndo watu wanaumia. Upande wa kaskazini kuna nyota ya Polaris, haiko kwenye ncha kamili, inakosea kama nusu nyuzi na kidogo, ila kwa lenzi pana ukiinyooshea traka tu inatosha. Kusini kuna Sigma Octantis ambayo ni hafifu mno, nyie wa huko mnajua tabu yake. Na ukiwa karibu na ikweta ncha zote mbili zinalala kwenye upeo, nyuma ya miti na vilima, huoni kitu, unabaki na dira ya simu na kipimo cha mwinamo (usiilaze simu juu ya traka, vyuma vinaichanganya dira). Kwa hiyo kabla hujanunua angalia mambo mawili, mguu wake unashuka mpaka nyuzi ngapi, na je inaweza kuzunguka kwa upande wa kusini, zingine hazizunguki. Ukitumia leza kulengea, ndege ikipita izime kabisa.

Afu kumbuka traka ikifuata nyota, ardhi ndo inatoka na ukungu. Mi napiga anga na traka, naizima, napiga ardhi peke yake, nyumbani naziunganisha. Kuna wanaotumia mwendo nusu ili wapate vyote kwa picha moja, nimejaribu, kwa lenzi ya 14 inapita, zaidi ya hapo unapata nyota nusu na mwamba nusu.

Ya kwangu siku hizi inakaa mfuko wa pembeni wa begi, ule wa chupa ya maji. Chupa naishika mkononi.