Kocha wa shule na mafunzo ya usalama: tulazimishe au tuache?

Hoja ya kwamba kocha yeyote wa timu ya shule asishike filimbi mpaka apite mafunzo ya usalama haiishi, na kila ikiibuka watu wanagawanyika vilevile, wapo wanaosema ni maisha ya watoto hamna mjadala, na wapo wanaosema mtatufukuzia hata hao wachache wanaojitolea. Mimi niko upande wa kulazimisha, ila sio kwa namna inavyofanyika sehemu nyingi, na hao wa upande wa pili wana pointi kadhaa ambazo huwezi kuzipita tu hivi hivi.

Kwanza tukumbuke kocha wa shule ni nani. Sio mtu mwenye leseni na daktari pembeni ya benchi. Mara nyingi ni mwalimu wa jiografia aliyepewa timu kwa vile siku moja alionekana kavaa raba, au mzazi anayependa michezo, anafundisha jioni bila kulipwa, na mtoto akianguka uwanjani yeye ndo mtu mzima pekee aliyepo. Wanaopinga wanasema huyu anatosha na akili ya kawaida, akiona hali mbaya amkimbize mtoto hospitali basi. Hapo ndo natofautiana nao kabisa, sababu kwenye yale mambo machache yanayoua watoto michezoni, akili ya kawaida ndo inayopoteza watu.

Chukua moyo kusimama ghafla. Mchezaji anadondoka bila kuguswa na mtu, halafu anakoroma pumzi moja moja, pengine anatikisika kidogo, huyu anasema mbona anapumua, yule anasema hicho ni kifafa, wa tatu kashaingiza vidole mdomoni anavuta ulimi eti asije akaumeza (ulimi haumezwi jamani, na hii tunaiona mpaka kwenye mechi kubwa za televisheni). Kumbe ule mkoromo sio kupumua, na kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona inashuka kwa kama asilimia 7 mpaka 10, yaani mkibishana dakika kumi hesabu karibu imefungwa. Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, alipoanguka tarehe 12 Juni 2021 pale Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, walimfikia haraka, wakabonyeza kifua, wakamshtua moyo palepale kwenye nyasi, na Februari 2022 alikuwa anacheza tena, ligi kuu ya Uingereza. Najua hiyo ilikuwa timu ya taifa na madaktari wake. Lakini kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, hakuhitaji udaktari, kunahitaji mtu aliyewahi kufanya mazoezi kwenye mdoli angalau asubuhi moja.

Au kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi mpaka unashindwa kujipoza. Akili ya kawaida inasema mpakie kwenye gari mbio mbio, wanaojua wanasema mpoze kwanza ndo umsafirishe, mtumbukize kwenye maji ya barafu palepale uwanjani, kwa sababu mwili ukishavuka nyuzi 40 unaendelea kuharibu viungo vya ndani muda wote mnaotafuta gari, na lengo ni kushusha lile joto ndani ya nusu saa hivi. Mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19 aliyekuwa anacheza futiboli ya Kimarekani kwenye Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa mazoezini, hakutumbukizwa kwenye maji baridi, na akafariki kama wiki mbili baadaye.

Sasa hapo kwa McNair wapinzani wananyanyua mkono, na wana haki. Kile chuo hakikuwa na mwalimu wa kujitolea, kilikuwa na wataalamu wenye vyeti vyao. Cheti hakikumtumbukiza mtu kwenye maji. Ndo hoja yao kubwa hiyo, kwamba mafunzo ya lazima yanaishia kuzalisha karatasi, watu wanakaa na simu wanabofya endelea, endelea, endelea, wanajibu maswali kumi ambayo rafiki yao kashawatumia majibu, cheti kinatoka na shule inakitundika ukutani. Na hata waliofundishwa vizuri wanasahau, ujuzi wa kubonyeza kifua unaanza kufifia ndani ya miezi michache tu wakati vyeti vingi vinadumu miaka miwili.

Halafu kuna hofu ya mashtaka, hii haizungumzwi sana ila ndo inayowakimbiza watu. Kule Kentucky nchini Marekani mwaka 2008 kijana wa miaka 15 alizidiwa na joto mazoezini akafa, kocha wake wa sekondari akapelekwa mahakamani kwa kesi ya jinai, akaja kuachiwa huru mwaka 2009. Ukimwambia mtu anayejitolea kwamba sasa atasaini karatasi inayosema amefundishwa, anachosikia yeye ni kwamba siku likitokea la kutokea ataulizwa ulifundishwa kwa nini hukufanya, huku uongozi wa shule ambao haujawahi kununua hata ndoo ya barafu umekaa kimya nyuma yake. Akiondoka huyo kocha watoto hawaachi kucheza. Wanacheza wenyewe, hamna mtu mzima hata mmoja, na timu zinazokosa kocha mapema ni zile ambazo tayari hazina wa kuzisemea. Hii hoja mimi naiheshimu kuliko zote.

Ila kuna upande ambao makocha wenyewe hawauoni, kwamba sheria inaweza kuwa ngao yao. Angalia mtikisiko wa ubongo, ule wa kichwa kikigongwa. Wengi wanaoupata hawazimii, anasimama, anajifuta vumbi, anakwambia kocha niko fiti, maana fainali ndo hiyo hiyo. Jimbo la Washington lilipitisha sheria mwaka 2009 baada ya Zackery Lystedt, aliyekuwa na miaka 13, kurudishwa uwanjani mwaka 2006 akiwa ameshagonga kichwa na kubaki na ulemavu, na kufikia 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria za aina hiyo, Ontario nchini Kanada nao wakaweka yao 2018. Kiini chake ni kifupi sana, mchezaji akishukiwa kuupata anatoka, harudi siku hiyo, na harudi kabisa mpaka mtaalamu wa afya aruhusu. Bila hiyo sheria kocha anabaki peke yake, mzazi anafoka kwenye uzio, mkuu wa shule anataka kombe, mtoto analia. Ikiwepo anasema tu sio mimi, ndo utaratibu, na mjadala unaishia hapo.

Kwahiyo ningelazimisha hivi: shule ndo ibanwe kabla ya kocha. Shule iseme nani anapiga simu, nani ana ufunguo wa geti ambulensi ikifika, maji ya barafu yako wapi siku za joto, mashine ya kushtua moyo kama ipo inakaa wapi, maana kuna shule inayo na imefungiwa ofisini na mwenye ofisi anaondoka saa tisa. Kocha yeye apewe siku moja ya vitendo, bure, kwenye saa za kazi sio Jumapili yake, halafu kila msimu ukianza warudie nusu saa, waigize tukio zima uwanjani kwao. Mambo matatu tu, moyo, joto, kichwa. Tamaa ya kurundika lishe, saikolojia na kila kitu kwenye semina moja ndo inayoiua. Ulinzi wa watoto dhidi ya unyanyasaji ni muhimu sana ila upewe nafasi yake, na ule unahitaji kuchunguza watu kabla ya kuwaajiri na kutomwacha mtu mzima peke yake na mtoto, somo halitoshi.

Kocha mpya ambaye hajapata mafunzo asifukuzwe, asaidie akiwa na mwenzake aliyefundishwa, ila mechi asisimamie peke yake, wala mazoezi ya jua kali. Na manahodha wa timu nao wafundishwe kubonyeza kifua, maana kuna siku atakayedondoka ni kocha mwenyewe.