Sote tuliangalia chini

Kuna jioni moja naikumbuka kuliko siku nyingi ambazo watu wananiambia ndo zilikuwa kubwa kwenye maisha yangu. Tulikuwa kama watu tisa sebuleni, wageni na wenyeji, maongezi yamekolea, watu wanacheka. Mtoto wa mwenye nyumba, wa kama miaka mitano hivi, akapita katikati yetu na glasi ya maji, kaishika kwa mikono miwili, macho yote kwenye glasi ili isimwagike, na ndo ikamwagika. Maji yakaenda kwenye miguu ya mgeni mmoja na mengine yakagusa simu iliyokuwa mezani. Baba yake hata hakunyanyuka, alinyoosha tu mkono akamzaba kofi la shavu. Mtoto hakulia hapohapo. Alibaki kasimama na ile glasi tupu, mdomo wazi, anatuangalia sisi mmoja mmoja, kama anasubiri mtu aseme kitu. Afu ndo akalia, na akaambiwa akalilie chumbani.

Sasa ngoja niseme sisi tulifanya nini. Tuliangalia chini, wote. Mmoja akaanza kupangusa ile simu, mwingine akakohoa, mi nikajifanya nasoma kitu kwenye simu yangu wakati hata kioo sikuwa nimekiwasha. Zikapita kama sekunde tano, mtu akasema "enhe, ulikuwa unasemaje," na maongezi yakaendelea pale yalipoishia.

Chukua tukio hilohilo ubadilishe tu aliyemwaga maji. Angemwaga yule mgeni wetu mzee kuliko wote tungemwambia pole, tungeleta kitambaa, tungesema si kitu. Bosi akimzaba kofi mfanyakazi ni kesi, jirani akimzaba jirani ni kesi, hata mlevi akikupiga njiani watu watamshika. Yule mdogo kuliko wote mle ndani, ambaye hawezi kurudisha na hajui hata pa kwenda kulalamika, ndo peke yake ambaye tumekubaliana kwamba kumpiga ni malezi. Nimeizungusha hii kichwani miaka na miaka na sijaona mantiki yake, naona mazoea tu.

Najua kuna atakayesema mbona sisi tulipigwa na tumekuwa watu. Na mi nilipigwa. Sikumbuki hata funzo moja nililolipata pale, nakumbuka mlio wa mkanda unavyochomolewa kwenye suruali, huo naujua mpaka leo, nikiusikia mtu anavua mkanda chumba cha pili mwili unashtuka kabla akili haijafika. Kwa hiyo tunaposema tumekuwa watu, labda tuseme tumekuwa watu licha ya hayo, maana hakuna anayejua tungekuwa watu gani bila hayo.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni kwamba mambo mabaya ya kijamii mengi hayaonekani mabaya wakati yakifanyika. Yanaonekana ya kawaida kabisa, na wanaoyafanya ni watu wazuri. Chukua madaktari. Mpaka miaka ya 1980, kwenye hospitali za Marekani na Uingereza, vichanga hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wanafanyiwa upasuaji wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli wasijitikise, lakini dawa ya kuondoa maumivu kidogo sana au hawapewi kabisa. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Wengi waliamini mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijakomaa, kwamba kulia kwake ni mwili tu unajibu, haumii kama sisi, na tena kulikuwa na hofu ya kweli kwamba dawa zenyewe zinaweza kumuua. Ilibidi ifike 1987 ndo utafiti uliofanyika Oxford ukatoka kwenye jarida la Lancet, ukaonyesha kwamba vichanga waliopewa dawa ya maumivu ya uhakika miili yao ilipata msukosuko mdogo zaidi na waliendelea vizuri zaidi kuliko wenzao. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikatoa tamko kwamba vichanga nao wapewe dawa.

Wale hawakuwa watu katili, jamani. Walikuwa watu waliosoma, waliokesha wodini kuokoa watoto, wengi wana watoto wao nyumbani. Lakini kila mmoja alifundishwa na aliyemtangulia, akaingia chumba cha upasuaji akakuta ndo inavyofanyika, wenzake wote wametulia, na yeye akatulia. Na mama aliyekuwa ameketi nje ya mlango hakuuliza, kwani nani angefikiri kuuliza swali kama hilo?

Hapo ndo ninapoiona ile sebule yetu.

Kuna jaribio moja maarufu la mwanasaikolojia Solomon Asch, matokeo yake ya kwanza yalitoka 1951, na kila nikilisoma najisikia kama alikuwa anatuchungulia dirishani. Alikuwa anawaweka vijana wa chuo chumba kimoja, anawaonyesha kadi yenye mstari mmoja, na kadi nyingine yenye mistari mitatu, anauliza upi kati ya hii mitatu una urefu sawa na ule. Ni swali la mtoto mdogo, ukiwa peke yako karibu hukosei kabisa. Sasa kumbe mle chumbani wote wamepangwa isipokuwa mmoja, na kwenye raundi fulani hao waliopangwa wote wanataja mstari ambao wazi kabisa sio. Zamu ya yule mmoja inafika, macho yake yanamwambia hivi, midomo ya wenzake inamwambia vile. Kama theluthi ya majibu kwenye raundi hizo yalifuata kundi, na watu watatu kati ya kila wanne walifuata kundi angalau mara moja. Na hapo ni mistari tu, hakuna aliyekuwa anatishiwa. Fikiria sasa pale ambapo kundi ni ndugu zako, ni wazee unaowaheshimu.

Wengi wakilitaja hilo jaribio wanaishia hapo, wanasema binadamu ni kondoo basi. Mi naona sehemu yake nzuri kuliko zote ni ile inayofuata. Asch alipoweka mtu mmoja tu mwingine wa kusema jibu sahihi, mmoja tu, yale makosa yakashuka mpaka kama robo ya yalivyokuwa. Na hata pale huyo mmoja alipotaja jibu ambalo nalo ni bovu, ila tofauti na la kundi, bado yule wa mwisho alipata nguvu zaidi ya kusema anachokiona. Yaani kinachotubana sio wingi wa watu peke yake, ni kule kuona kwamba wote wako pamoja, hakuna hata ufa mmoja ukutani.

Miaka kadhaa baada ya ile jioni nilikutana na dada mmoja ambaye naye alikuwepo, tukaongea mambo mengi, afu sijui ilikuwaje akaniuliza, "Unamkumbuka yule mtoto wa glasi?" Nikahisi moyo umeruka. Akasema alirudi nyumbani siku ile akashindwa kulala, na mumewe, ambaye ndo yule aliyekuwa anapangusa simu, naye alisema njia nzima kwamba ile haikuwa sawa. Nikawa nahesabu kichwani. Mimi, yeye, mumewe. Watatu katika tisa, na hao ni wale tu niliokuja kuwajua. Inawezekana kabisa mle ndani walioona ni sawa walikuwa wachache kuliko walioona si sawa, ila kila mmoja alimwangalia mwenzake, akaona katulia, akasema kumbe ni mimi tu mwenye tatizo. Na wenzangu walinihesabu mimi na simu yangu iliyozimwa kuwa nimekubali.

Hicho ndo ninachotaka kusema kwa kweli. Tunafikiri desturi mbaya zinashikiliwa na watu wanaoziamini. Zipo hizo, lakini nyingi zinashikiliwa na watu wasioziamini ambao kila mmoja anadhani mwenzake anaziamini. Ukijibu meseji ya kazi saa sita usiku unaumwa, na mwenzako naye anajibu kwa sababu kaona wewe umejibu, hakuna hata mmoja wenu anayependa. Ufaransa ilibidi watunge sheria, ilianza kazi 2017, kwamba kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zizungumze nao kuhusu haki ya kuzima simu nje ya saa za kazi, ona mpaka sheria ndo imruhusu mtu kupumzika. Au wale wanaomuuliza mwanamke mbele za watu atazaa lini, bila kujua kama wiki iliyopita alitoka hospitali kapoteza mimba, muulize mmoja mmoja kando atakwambia ni swali baya, na bado kwenye mkusanyiko unaofuata litaulizwa.

Na ndo maana kumwambia mtu mmojammoja "badilika" mara nyingi haifiki mbali. China walikuwa wanawafunga mabinti miguu, wanaanza akiwa na miaka mitano, sita, saba, vidole vinakunjwa chini ya unyayo na kukazwa kwa vitambaa mpaka mifupa inavunjika, ili mguu ubaki mdogo. Hiyo ilidumu karibu miaka elfu. Na aliyekuwa anakaza kile kitambaa kwa kawaida ni mama mwenyewe, ambaye naye alifungwa, anayejua maumivu yale usiku yanakuwaje. Kwa nini mama afanye hivyo? Kwa sababu aliamini asipomfunga hakuna familia itakayomwoa, na mama mwenye mvulana upande wa pili naye anadhani hawezi kumuozesha mwanaye binti wa miguu mikubwa watu wakamwelewa. Kila mama amefungwa na mama mwingine. Amri za kukataza ziliwahi kutolewa tangu karne ya 17 na hazikushika. Kilichosaidia kuivunja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, kilikuwa vyama ambavyo familia zilijiunga na kuweka ahadi mbili kwa pamoja: hatutawafunga mabinti zetu, na wavulana wetu hawataoa waliofungwa. Ile ahadi ya pili ndo ufunguo. Mama akishajua kuna nyumba mia zimeahidi, hofu yake haina pa kusimama. Serikali mpya ilipopiga marufuku 1912 ilikuta tayari watu wameanza kuambizana.

Kuhusu kupiga watoto Sweden ndo walikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza kabisa, hata nyumbani, mwaka 1979, na leo nchi zilizokataza zimepita 60. Lakini mi kinachonivutia sio sheria yenyewe, ni walichofanya baadaye: waliandika habari za sheria hiyo kwenye pakiti za maziwa. Pakiti inakaa mezani asubuhi, baba anaiona, mama anaiona, mtoto anayejua kusoma anaiona, na kila mmoja anajua mwenzake kaiona. Hakuna tena wa kusema nilidhani nyie wote mnaona sawa. Baada ya miaka miwili familia zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa zinaijua ile sheria.

Sijui yule mtoto wa glasi sasa anakumbuka nini. Atakuwa kijana. Naogopa kwamba anachokumbuka sio kofi, anakumbuka nyuso zetu.

Mwaka jana nilikuwa tena kwenye nyumba ya watu, nyumba nyingine, mtoto mwingine, safari hii alikuwa kaangusha rimoti betri zikatawanyika, na mama yake akanyanyua mkono. Sikuwa nimejiandaa kusema kitu, nilisikia tu sauti yangu, tena haikutoka vizuri, ilitetemeka, "Dada, muache, ni betri tu." Kukawa kimya. Mama yake akanigeukia na macho ambayo sitayasahau, akaniuliza kama mi ndo niliyemzaa, na nikakosa jibu. Nilijisikia vibaya kweli, nikatamani niondoke. Afu mzee mmoja aliyekuwa pembeni, ambaye nilikuwa na uhakika ndo wa kwanza atakayenikemea, akainama kwa shida na magoti yake yale, akaanza kuokota betri na yule mtoto, akamuuliza hii inaingia upande gani mjukuu wangu, nionyeshe.